Kishungi cha Tumbusi

Kama mchoraji angeishia shingoni, huenda Mwalimu angepita zake. Ndege ni ndege, na ukuta wa kinyozi ni wa kinyozi. Lakini yule tumbusi mpya wa ukutani, kichwa kitupu kama kokwa, mdomo umezama ndani ya chungu kinachofuka moshi, alikuwa amechomekwa penseli nyuma ya sikio. Tangu lini ndege akawa na sikio la kuchomeka kitu? Na penseli yenyewe haikuwa ya mtoto wa shule. Ilikuwa ile bapa, nene, nyekundu, ya seremala. Mtaa mzima ulimjua mtu mmoja tu aliyekwenda na penseli ya namna hiyo hata harusini. Mtu huyo alikuwa mume wa Mwalimu, na sasa alikuwa kaburini.

Mwalimu alisimama katikati ya njia na kikapu chake cha mboga. Juu ya mchoro kulikuwa na maneno ya herufi zilizovimba: KWA NINI TUMBUSI ANA KIPARA? INGIA NDANI UAMBIWE. Hata alama ya kuuliza ilitazama upande usio wake. Mwanamke aliyewafundisha watu wa mtaa ule kusoma na kuandika mpaka akastaafu hakuhitaji kuingia ndani aambiwe. Hadithi aliijua, na aliyesemwa alimjua.

Fundi, maana mume wake hakuitwa jina jingine, alikuwa mtengenezaji wa majeneza. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati, na mlango wake mpana haukufungwa mchana kutwa, kwa sababu, alisema, wateja wake hawaji kwa miadi. Alianza na viti na vitanda kama maseremala wengine. Kisha homa ikapita mtaani, ikabeba watu, na mafundi wote wakaikataa kazi ile kwa kuogopa mkosi. Yeye akasema binadamu hawezi kulala mara ya mwisho ndani ya mbao za sanduku la sabuni. Akachukua randa, akaanza. Tangu siku hizo hakuna aliyemwagiza kiti tena. Nani atakalia kiti kilichotoka kwenye mikono ile?

Kipara alikirithi. Kwao wanaume wote, wakifika umri wa kuoa, nywele huaga moja moja, na zikishamaliza kuaga kichwa hung'aa kama sahani ya wageni. Hakuona haya. "Wenzangu vichwa vyao vimeachwa na magome," alikuwa akisema. "Changu Mungu amekipiga randa mwenyewe, akamalizia na msasa." Mwalimu alitoka katika nyumba ya watu wanaopima maneno kabla ya kuyatoa, akasoma chuo, akashika chaki. Aliicheka mizaha ile kwa mdomo uliofungwa, lakini aliicheka.

Kilichomkata maini ni habari ya mikono. Watu hawakutaka kumpa mkono mume wake. Walisema akikushika mkono amekupima urefu, akikutazama mabegani amekupima upana. Wakimwona anakuja, huyu anainama kufunga kamba ya kiatu, yule anaweka sikioni simu ambayo haijalia. Msiba ukiingia, walewale, mbiombio, mpaka mlangoni kwake: "Fundi, tusitiri." Akawasitiri. Alipiga randa hata upande wa ndani, ambako jicho la mtu halifiki, na mtu akimwambia anajichosha bure, alijibu kwamba mwenye nyumba ataona.

"Shukrani ya punda ni mateke," Mwalimu alimwambia siku moja, baada ya jirani waliyemzikia mama yake kuvuka barabara ili asikutane nao.

"Na wewe unamshangaa punda?" alijibu Fundi. "Angekupa maua, hapo ndipo tungekimbia."

Jioni, binti yao alipokuwa mdogo, Fundi alikaa juu ya rundo la maranda akamsimulia jinsi wanyama walivyopata maumbile yao. Kwake yeye viumbe vyote vilipita kwenye karakana. Kobe ana mistari mgongoni kwa sababu aliyemuunga alifanya ubahili wa gundi. Fisi miguu yake ya nyuma ni mifupi kwa sababu alicheka wakati anapimwa. Lakini hadithi aliyoisimulia polepole, bila mzaha, ilikuwa ya tumbusi.

Tumbusi, alisema, alikuwa na kishungi kirefu kuliko ndege wote. Jogoo alikuwa akija kukiazima siku za sherehe. Ikaingia tauni msituni. Wanyama wakafa njiani na vichakani, na waliobaki wakaziba pua wakakimbia. Tumbusi akasema mwenzetu haachwi njiani. Akawabeba kichwani mmoja mmoja kwenda kuwalaza bondeni, tena bila ngata ya kutuliza mzigo kichwani, kwa sababu kila mnyama alificha ngata yake isiguswe na kifo. Mzigo ukala kishungi, ukala manyoya, ukafika kwenye ngozi. Alipomlaza wa mwisho akaenda kisimani kunawa. Wakamwambia: wewe kipara, sogea kule, unanuka. Ndiyo maana hadi leo tumbusi anakaa juu ya mti mkavu peke yake. Wanasema anangoja mtu afe. Yeye anangoja mtu amwambie karibu.

Hiyo ndiyo hadithi ya nyumba ile. Ya mtaani ilikuwa nyingine. Ya mtaani ilisema tumbusi alisikia kilio kwa jirani, akafika wa kwanza kabla hata wafiwa hawajatandika mikeka, akaingiza kichwa ndani ya chungu cha msibani ambacho bado kinatokota, na manyoya yakabaki chunguni. Ndiyo maana hadi leo, kukiwa na kilio, yeye ni wa kwanza. Mwalimu aliisikia sokoni kutoka kwa mtu aliyenyamaza ghafla alipomwona, na alipouliza imetoka wapi akaambiwa: kwa kinyozi.

Alielewa mara moja, au alidhani ameelewa. Duka la kinyozi lilitazamana na lango lake. Miaka yote ile, ng'ambo ya njia tu, kinyozi hakuwa amepata hata kichwa kimoja cha kunyoa kutoka ukoo wa Fundi. Kichwa kisichokulisha utakipendea nini?

Na sasa ukuta huu. Tena Jumamosi ile wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanakuja kujitambulisha, nao wangepita njia hiyohiyo, maana nyingine hakuna.

"Achana nalo, mama," binti yake alimwambia nyumbani. Alikuwa mfamasia, msichana wa sauti ya chini aliyezoea kuzungumza na wagonjwa. "Ukigombana na kinyozi ndiyo unawaambia watu kwamba ni sisi."

"Penseli imeshawaambia."

"Wakwe hawamjui baba. Wataona ndege tu." Akaokota jani la mboga lililoanguka. "Halafu, mama, kule kwao nimesema baba alikuwa mtu wa samani."

Mwalimu aliweka kisu cha mboga chini. "Samani."

"Si aliwahi kutengeneza viti?"

"Na jeneza ni kabati la nguo, siyo? Ada zako zote mpaka ukavaa hilo koti jeupe zimetoka kwenye samani gani?"

Mwalimu alijifunga kitenge vizuri, akavuka njia.

Ndani ya duka kulikuwa na wanaume watatu kwenye benchi na mmoja kwenye kiti, kidevu chake kimejaa povu. Kinyozi alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye nywele ndefu zilizokosa mkasi, kama ilivyo desturi ya vinyozi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu aliiacha shikamoo ile ining'inie. Kwa mwanamke wa malezi yake hilo peke yake lilikuwa tusi, na wateja wote wanne waliwahi kukaa darasani kwake, kwa hiyo walilisikia.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Nani kakupa ruhusa ya kumchora mume wangu?"

"Mume wako? Mwalimu, yule ni ndege."

"Ndege anavaa penseli?"

Kwenye benchi mtu alikohoa. Kinyozi aliufuta wembe kwenye kitambaa, akaufuta tena.

"Umekaa mbele ya lango langu miaka yote hii," Mwalimu aliendelea. "Hukupata kichwa cha kunyoa. Akiwa hai ukamnyoa kwa mdomo, sasa amekufa unamnyoa kwa rangi. Na wewe ndiye uliyekuja usiku usio na mwezi, baba yako yuko sakafuni, unalia kama mtoto, unamwita Fundi, Fundi. Hukumwona tumbusi usiku ule?"

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, ila nisikilize. Hadithi si yangu. Kaileta mwenyewe."

"Nani?"

"Fundi. Alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi, ukienda kwenye vikao vyenu vya walimu. Anakaa kwenye kiti hiki, nimfunge shuka shingoni kabisa, halafu ananiambia: nipunguzie kidogo pembeni." Kinyozi alitabasamu, kisha akaona uso wa Mwalimu, akaacha. "Mwanzoni watu walikuwa wanatoka. Akiingia yeye, benchi linabaki tupu. Nilikuwa nakereka, nisikufiche, biashara ilikuwa inakufa. Siku moja kabla hawajainuka akasema, mnajua kwa nini tumbusi ana kipara? Akawapa ile ya chungu. Mwalimu, watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Na huyu hapa," akamwonyesha mwenye povu, "huyu hapa kwa kicheko akajisahau, akampa tano."

"Kweli, Mwalimu," alisema mwenye povu, akitazama kwenye kioo badala ya kumtazama yeye. "Nilimgonga kabisa kiganjani."

"Akautazama mkono wake," alisema kinyozi, "kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Wiki iliyofuata akaja tena, na chungu kimekuwa kikubwa zaidi. Kila wiki chungu kinakua. Mwisho tumbusi alikuwa anaingia mzima mzima. Na penseli ni yeye. Alisema, siku ukipata rangi unichore, na usisahau penseli, wasije wakadhani ni ndege wa watu wengine."

Mwalimu alikuwa anazikumbuka Jumamosi zile. Alikuwa akirudi kutoka kikaoni anamkuta mume wake ameketi, uso umekunjuka, anamuuliza alikuwa wapi, naye anajibu: "Kwa kinyozi." Kila Jumamosi. Kipara kwa kinyozi. Naye akacheka kwa mdomo uliofungwa akidhani ni mzaha, kumbe alikuwa anaambiwa ukweli mtupu. Kwa nini hakumweleza zaidi? Kwa sababu angemkataza. Angemwambia mtu mwenye heshima zake hajigeuzi kichekesho cha vijana wa benchi. Angekuwa sahihi, na mikono ya mume wake ingeendelea kuning'inia mitupu.

Lakini hasira iliyokuwa imemleta haikuondoka. Iligeuka tu ikatazama watu wote waliokuwa mle ndani.

"Kwa hiyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, isiyopanda, "mtu aliyewazikia baba zenu na mama zenu, ili mumpe mkono, ilibidi kwanza atie kichwa chunguni."

Povu lilikuwa linamkaukia mteja kidevuni.

"Mlipofiwa njia mliijua. Mlipofurahi mkamtoza kiingilio. Na alipokuwa anawachekesha, hakuna hata mmoja aliyemwambia, Fundi, acha, wewe huhitaji hayo, karibu ukae."

"Mwalimu, yeye mwenyewe alipenda," alisema kinyozi kwa upole. "Alifurahi, naapa. Nilimchora kwa mapenzi."

"Naamini. Lakini mwenye kipara akikisugua mwenyewe, hajakupa wewe ruhusa ya kukipiga kofi. Alijicheka akiwepo, anawatazama machoni. Leo hayupo. Anayepita hapo nje na asiyemjua atajua nini? Atajua kwamba kulikuwa na fundi mlafi wa misiba. Kiingilio alishalipa. Amekufa, hadaiwi. Futa."

"Nitafuta penseli."

"Futa ndege."

"Kinyozi," alisema mwenye povu, "nimalizie basi hata upande mmoja."

"Ngoja," alisema kinyozi, akatoka na ndoo ya chokaa.

Mwalimu alisimama njiani akaangalia. Walimletea kigoda, akakikataa. Chokaa ya kwanza haikutosha, maana mchoraji alikuwa ametumia rangi nzuri, na kile kichwa kilichungulia chini ya weupe kama mtu aliye nyuma ya pazia. Kinyozi akapaka tena, na tena. Hapo Mwalimu aliona ni kama mchezo mbaya, kumfunika mtu mara mbili. Hakusema asimamishe. Ukuta ulipokuwa mweupe kote alisema ahsante, kama mtu aliyehudumiwa dukani, akavuka kurudi kwake.

Usiku ule alimkasirikia mume wake pia. Alilala upande wake wa kitanda akamgombeza kimya kimya, kwa majina yote aliyokuwa nayo. Chungu, kweli? Na kishungi chote kile?

Jumamosi wageni walifika: kijana mwenyewe, aliyevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, baba yake, mzee mrefu wa maneno machache, na shangazi yake, mwanamke wa miraba minne ambaye kicheko chake kiliingia mlangoni kabla yake.

"Samahani kwa kuchelewa, mama," shangazi alisema akijipepea kwa kitambaa. "Tulipotea, tukauliza pale kwa kinyozi, kwenye ukuta mweupe. Kumbe yule bwana ni sinema. Katuonyesha nyumba, halafu akatupa na hadithi ya bure. Ya tumbusi. Eti kilio hakijaanza, yeye yuko chunguni, miguu juu." Akacheka mpaka mkufu ukarukaruka kifuani. "Sijui nyumba yenu na tumbusi vinahusiana nini, ila mbavu sina."

Ukuta hupakwa chokaa. Mdomo utaupaka nini? Mwalimu alikaa wima.

"Shangazi, karibu chai," binti alisema haraka, akishika birika.

"Tunashukuru," alisema mzee, akamgeukia Mwalimu. "Na marehemu, mzee mwenzangu, tumeambiwa alikuwa mtu wa samani."

Binti alimtazama mama yake. Macho yale yalikuwa yanaomba, na yalikuwa macho ya Fundi.

"Hapana," alisema Mwalimu. "Alikuwa fundi wa majeneza. Na huyo tumbusi ni yeye."

Kicheko cha shangazi kilikatika kama uzi. Mkono wa mzee, uliokuwa ukielekea kwenye sahani ya mkate, ulisimama hewani juu ya meza. Mwalimu aliuona. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa akiuona mkono wa namna ile, na hakukusudia kuuona tena ndani ya nyumba yake.

"Kula, baba," alisema. "Meza hiyo kaitengeneza yeye. Na kiti ulichokalia. Hakijaua mtu."

Mkono ulikaa pale kidogo. Kisha ukashuka, ukachukua mkate.

Mwalimu akawasimulia. Hakusimulia kama Fundi, polepole na macho chini. Alisimulia kama anayesoma mashtaka: kishungi, na jogoo aliyekiazima, tauni, ngata zilizofichwa, na nani alizificha, bonde, kisima. Binti aliketi na birika mapajani, amesahau kumimina. Alikuwa hajaisikia hadithi ile tangu utotoni, na sehemu ya kisima ilipofika aliinamisha kichwa.

Shangazi alijifuta pembe ya jicho kwa kitambaa kilekile cha kujipepea.

"Nzuri sana," alisema. "Ila mama, nisikudanganye, ile ya chungu inachekesha zaidi."

"Inachekesha zaidi," Mwalimu alikubali. "Aliitunga yeye, na alikuwa hodari. Huko nje simulieni mnayoitaka, siwezi kuwapaka watu chokaa. Lakini hawa wakijaliwa mtoto, na mtoto akauliza babu yake alikuwa nani, ataambiwa hii, na ataambiwa majeneza. Kama hilo ni zito kwenu, semeni sasa, chai bado ya moto."

Kijana alifungua mdomo, lakini baba yake aliinua kidole, naye akaufunga. Mzee aliutafuna mkate mpaka ukaisha. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa meza, huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali palipokwaruza asipaone.

"Pale kisimani," alisema mwishowe. "Waliomwambia asogee kule. Walikuwa wanyama gani?"

"Wote," alisema Mwalimu, na hasira yake ilikuwa bado haijapoa alipolichukua birika mapajani mwa binti yake akammiminia mzee chai. "Wote waliobebewa wafu wao."